Dawa Haishukuriwi

Haya, nani atanitegulia hiki: mgeni ameingia bila kupiga hodi, hajaketi, hajaomba maji, na kila kukicha yeye ananenepa na mwenye nyumba anakonda? Katika nyumba ya Lusweti, pale mtaa wa Jericho, Nairobi, wote walilijua jibu na hakuna aliyelitaja. Daktari alilitaja mara moja tu, akiitazama picha ya kifua aliyoibandika kwenye taa. Alisema ni saratani ya mapafu, kisha akaandika tarehe za sindano. Nyumbani waliuita "huu ugonjwa," kwa sauti ya chini, kama watu wanaomsema jirani aliye karibu na dirisha.

Lusweti alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la jiji, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, mshiriki wa kanisa la Friends. Mtaa ulimjua kwa neno moja, asante. Akipewa kiti, asante. Akirudishiwa chenji, asante. Siku moja mtu alimkanyaga kwenye foleni ya maji akamwambia pole, Lusweti akamjibu asante, na watoto wa Jericho wakalifanya jambo hilo mchezo mpaka shule zikafungwa.

Sindano mbili alikuwa amekwisha kuzipata. Hazikuwa zile sindano za kuingia na kutoka. Ilikuwa chupa iliyoning'inizwa juu ya kitanda, ikidondoka tone kwa tone tangu asubuhi hadi jua likaelekea Ngong. Hospitali yenyewe haikuwa na dawa hiyo. Jamaa za mgonjwa waliagizwa kuinunua mjini na kuileta mkononi, kama mtu aliyebeba mayai. Sindano ya kwanza ilikula redio. Ya pili ilikula kabati la vyombo. Ya tatu ilikuwa Jumanne iliyofuata, na Nerima, mke wake, aliyeshona sare za shule kwenye kibanda sokoni, alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kuinunua cherehani.

Vitu vilivyouzwa Lusweti hakuvilalamikia. Alichokiogopa ni safari ya kurudi nyumbani. Mara zote mbili alitapika kando ya Jogoo Road, mke wake akimshika kiuno, watoto wa shule wakipita na kugeuza shingo. Nywele zake zilibaki kwenye mto. Usiku mmoja alishindwa kufika chooni, na asubuhi Nerima alipokuwa akifua mashuka uani, akiyaficha chini ya povu, mumewe alisimama mlangoni akajaribu kucheka. "Mama Millie," alisema, "mimi niliyewazibia watu mabomba miaka yote hii, tazama ninavyovuja."

Nerima hakucheka. Alimwambia aingie ndani, kuna baridi.

Habari yenyewe ilikuja Ijumaa, katika taarifa ya saa saba. Kwa kuwa redio yao ilikuwa imekwenda, Nerima aliisikia kupitia ukutani, kwa jirani yao Mama Aloo. Msomaji alisema kwamba watafiti katika maabara moja hapa Nairobi wamegundua kuwa maji ya gome la mti fulani wa misitu ya magharibi yaliziua chembechembe za saratani ya mapafu. Akataja mtafiti mmoja, Daktari Mutisya, akamaliza, akahamia mpira.

Maneno mawili matatu hayo yalitembea Jericho nzima mchana ule, na kila nyumba yaliyopitia yalivalishwa nguo. Sokoni yalikuwa bado ni gome linaloua chembe. Yalipofika kwenye duka la kona yalikuwa gome linaloponya. Kufika jioni kulikuwa na mwanamume wa Kisumu aliyekwisha kupona na kurudi kazini. Watu wakaanza kuingia kwa Lusweti bila kubisha, wakimpa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani. Mama Aloo alikalia ncha ya kitanda akasema yeye tangu zamani alijua Mungu hawezi kumwacha mtu aliyemrekebishia choo bure.

Millicent, binti yao, aliwakuta hapo aliporudi kutoka Buruburu, alikokuwa akiuza katika duka la nguo. Alisikiliza, mkoba ungali begani.

"Mathe, walisema ni kwa maabara," alimwambia mama yake. "Hawakusema kwa mtu."

"Na maabara ni nini, kama si mahali dawa zinapotoka?" Mama Aloo alimjibu. "Wewe msichana, unataka babako apone, ama unataka kushinda mabishano?"

Watu walicheka. Millicent akaweka mkoba chini akaenda kuwachemshia wageni chai, na sukari ikaisha siku ile.

Jumapili alasiri alifika Mama Khavere. Huyu alikuwa mjane wa makamo ya uzee, mtu wa magharibi pia, aliyeuza mboga kule Mowlem, na chini ya meza yake ya mboga aliweka magome na mizizi. Watoto wengi wa Umoja na Dandora walipona vikohozi mikononi mwake. Alitembea kwa miguu kutoka Mowlem, jua likiwaka, kwa sababu alisema gome likipanda gari hushika harufu ya petroli. Lusweti alimwita Senje, kama wanavyoitwa shangazi kwao, ingawa hawakuwa ndugu wa damu.

Mama Khavere hakuwa tapeli, na hili ni lazima lisemwe. Hakuomba pesa. Alisema mgonjwa akipona atampa kuku, asipopona basi. Alichokuwa nacho ni furaha ya mtu aliyedharauliwa maisha yake yote, halafu akasikia redioni kwamba alikuwa sahihi. Bibi yake alimfundisha gome lile akiwa msichana, na watu wa hospitali walimwambia ni ushamba. Sasa watu wa vitabu wenyewe walikuwa wamelipima.

Alifungua kitambaa, akaonyesha vipande vyekundu vilivyokauka, akaeleza masharti. La kwanza, mti hautajwi jina mbele ya mgonjwa. La pili, gome halichanganywi na sindano. "Hawa wawili ni wake wenza," alisema. "Ukiwaweka jiko moja, hakuna atakayepika. Kama anakunywa langu, ile chupa yenu aiache kabisa." Sharti la tatu hakulisema, kwa maana kila mtu wa kwao alilijua tangu utotoni: dawa ya miti haishukuriwi. Ukipewa, unapokea kimya, unageuka, unaondoka, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Ukiishukuru, huona kazi yake imekwisha, nayo hukuaga.

Mama Khavere alipotoka, Millicent alipiga magoti karibu na kitanda cha baba yake. Alimwambia amalize sindano kwanza, kwa sababu gome halitatoroka. Alimkumbusha kwamba daktari alisema ziwe sita bila kukatiza. Lusweti alimsikiliza hadi mwisho.

"Millie," alisema, "wewe hujui ile chupa inavyoniangalia."

Kisha akamgeukia mke wake. "Na wewe, Mama Millie, unasemaje?"

Nerima alikuwa akikunja nguo. Alilikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Mbele ya macho yake ilisimama cherehani, na mtu aliyeahidi kuja na mkokoteni kuichukua kesho yake. "Wewe ndiwe unayeumwa," alisema mwishowe. Lilikuwa jibu la heshima, lakini moyoni alipotambua kwamba cherehani itabaki alihisi wepesi, na wepesi ule ukamtisha kuliko ugonjwa.

Jumanne ilikuja ikapita. Nerima alishona kaptura za shule siku nzima, hakuinua kichwa.

Na gome likafanya kazi. Hivyo ndivyo walivyoona, na nani angewalaumu? Ndani ya juma la kwanza Lusweti aliacha kutapika. Juma la pili aliomba ugali na mboga ya mrenda, akamaliza, akauliza kama kuna mwingine. Nywele zilianza kuota kama nyasi baada ya moto. Alitembea hadi sokoni akaketi kwenye kibanda cha mke wake, akawa anawasalimu wapita njia na kuwashukuru kwa kusalimiwa. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu anayeacha ile chupa lazima apate nafuu kwanza, kwa sababu sumu yake ndiyo inayomtoka, na kwamba kule ndani mgeni alikuwa akiendelea kula.

Hata Millicent alianza kuamini. Alimnunulia baba yake kofia kutoka dukani, kisha wakagundua haihitaji.

Jumapili moja kanisani, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, Lusweti alisimama. Alivaa koti lake la harusi, ambalo sasa lingewatosha wawili. Alieleza alivyolala na alivyoamka. Sauti yake ilikatika kwa furaha, akalia kidogo, akina mama wakaimba ubeti mmoja kumpa nafasi. Kisha akainua mkono kuelekea safu za mbele.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Na ninamshukuru Senje Khavere, kwa dawa aliyonipa. Asante, Senje. Asante sana."

Vijana waliozaliwa Nairobi waliitikia amina. Wazee wa magharibi hawakuitikia. Kulikuwa na kimya kifupi, kama taa inapopotea halafu ikarudi, na Mama Khavere akainamisha kichwa, akaanza kutafuta kitu mkobani ambacho hakikuwamo. Lusweti aliketi akitabasamu. Nerima alipomshika mkono kwa nguvu, alidhani anamsifu.

Damu ilikuja kabla mwezi haujaisha. Lusweti alikuwa akipiga mswaki uani, akatema, akatazama, akamwaga maji haraka juu yake. Lakini Mama Aloo alikuwa amekwisha kuona.

Hospitalini waliketi kwenye benchi tangu alfajiri. Karani aliwauliza kwa sauti, watu wote wakisikia, kwa nini walipotea na sasa wanarudi kama watu wa kawaida. Walipoitwa, daktari hakuwa peke yake. Alikuwa na wanafunzi waliovaa makoti meupe, wengine umri wa Millicent.

"Mlikuwa wapi?" daktari aliuliza.

"Nyumbani, daktari," Nerima alijibu.

"Mkinywa nini?"

Nerima alitazama viatu vyake. Mwanafunzi mmoja alitabasamu, na mwingine akamgusa kiwiko anyamaze. Daktari alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeuliza swali hilo mara nyingi mno. Alibandika picha ya zamani kwenye taa, na kando yake akabandika mpya. Katika ile ya kwanza kulikuwa na kivuli kimoja. Katika ya pili vilikuwa vimezaa.

Nerima alisema cherehani bado ipo, wanaweza kuinunua dawa hata leo. Daktari akatikisa kichwa. Alieleza polepole kwamba mwili sasa hauna nguvu za kuibeba ile dawa, kwamba ingemmaliza kabla ya ugonjwa. Alimwandikia vidonge vya maumivu. Akasema mgonjwa apelekwe nyumbani, apewe chochote anachotamani kula.

"Asante, daktari," Lusweti alisema, akafunga vifungo vya shati lake, vyote, hadi cha shingoni.

Mama Khavere alipopata habari alikuja, akaketi kwenye kigoda, akaufunika uso kwa leso muda mrefu. Alipousema ukweli wake aliusema kwa huruma, na pengine ndiyo sababu uliuma zaidi.

"Mwanangu, uliishukuru," alisema. "Mbele ya watu. Ningefanya nini?"

Tangu siku ile hakuna aliyemsikia Lusweti akisema asante tena.

Mwanzoni Nerima alidhani ni uchovu. Alimpa maji, akapokea kimya. Alimgeuza ubavu, akanyamaza. Mchungaji alikuja akamwombea, akaondoka bila kushukuriwa. Mama Aloo, ambaye kila adhuhuri alileta uji wa wimbi alioupika mwenyewe na kuuchuja mara mbili kwa ajili ya koo la mgonjwa, alivumilia siku kadhaa, kisha akasema nje, mahali ambapo lazima angesikika, kwamba ugonjwa umempandisha Lusweti cheo, siku hizi hashukuru watu wadogo. Uji ukaacha kuja. Wageni wakapungua. Mtu aliyekuwa akishukuru hata kukanyagwa akawa anasemwa mtaani kwamba ana kiburi, na Nerima alipopita kwenye foleni ya maji aliona watu wakimpisha kwa adabu ile inayoumiza.

Jioni moja alimuuliza. Lusweti alizungumza akiwa ameutazama ukuta, pumzi zikimjia moja moja.

"Ninaogopa," alisema. "Dawa ilikuwa inaniponya, nikaifukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikisema lile neno tena sijui nitaharibu nini. Labda wewe. Labda mtoto."

Nerima alikwenda jikoni akasimama tu. Kuna uzito unaoweza kumbebea mtu, ukamwambia lete nikusaidie. Huu haukuwa na pa kushika. Mume wake alikuwa anakufa, hilo alikuwa amekwisha kuambiwa. Lakini alikuwa anakufa akiamini kwamba amejiua kwa adabu zake, na yeye Nerima alijua, bila kujua amejuaje, kwamba palikuwa na sababu nyingine. Alitaka kumsikia mtu wa vitabu akisema.

Maabara ilikuwa upande wa pili wa mji. Mlinzi, mzee wa Kisomali aliyeitwa Bile, alimuuliza kama ana barua. Hakuwa nayo. Alimuuliza anamtaka nani, naye akataja jina alilolisikia ukutani kwa Mama Aloo. Bile alimwambia tangu ile taarifa ya redio watu kama yeye huja kila siku, wengine na wagonjwa mgongoni, na yeye ameagizwa kuwarudisha wote. Kisha akamwonyesha jiwe lenye kivuli. "Kaa hapo, mama," alisema. "Mimi sijakuruhusu. Yeye hutoka saa ya chakula."

Mutisya alipotoka alikuwa kijana kuliko sauti ya redio ilivyomfanya awe, shati limetoka kiunoni, mkononi ana mkate nusu. Alijaribu kumpita. Nerima hakumshika wala hakulia. Alimuuliza tu, kwa Kiswahili cha taratibu, kama ni kweli dawa ikishukuriwa hufa.

Mutisya akasimama.

"Hata kwetu Machakos dawa haishukuriwi, mama," alisema. Akautazama mkate wake, akaufunga kwenye karatasi. "Njoo."

Alimpeleka ndani, akamwonyesha kisahani cha kioo kisichozidi kifuniko cha kopo, na chini yake maji ya rangi ya waridi. Akamweka mbele ya darubini, akamwambia afumbe jicho moja. Nerima aliona vitu vidogo vilivyobanana kama mtama uliomwagwa. Mutisya alieleza kwamba hizo ni chembe za saratani, zilitoka kwenye pafu la mtu wa ng'ambo aliyefariki zamani, zenyewe zinaendelea kuishi zikilishwa. Akabadilisha kisahani. Katika hiki cha pili mtama ulikuwa umesinyaa, umeachana, mwingine umepasuka.

"Hicho nilitia maji ya gome," alisema.

"Kwa hivyo inaua."

"Hapo kwenye kioo, inaua. Hata chumvi nikiizidisha itaua, mama. Hata sabuni. Kazi si kuziua. Kazi ni kuziua na kumwacha mtu."

Nerima alirudisha jicho kwenye darubini. "Basi ninyi mmempiga nyoka akiwa ndani ya chupa," alisema.

"Ndiyo."

"Na wa kwangu yuko chini ya godoro la mtoto."

Mutisya alitikisa kichwa kukubali. Alimwambia hajui gome likinywewa hufika wapi mwilini, wala kama linafika kwenye pafu hata kidogo. Kujua hilo huchukua miaka, na fedha za kazi hiyo bado hazijapatikana. Alisema hayo yote aliwaeleza watu wa redio, lakini taarifa ilikuwa fupi. Alikuwa akizungumza kama mtu anayejitetea, kisha akaona hakuna aliyemshitaki, akanyamaza. Kuhusu asante, alisema yeye huzisemesha sahani zake kila asubuhi na hajawahi kuona zikimsikia.

Nerima alikuwa amebakiwa na swali moja, na ndilo aliloliogopa.

"Kuna sindano alikuwa akipata," alisema. "Kama angezimaliza?"

Kijana alikifunika kile kisahani. "Kupona nisingekuahidi. Zingempa muda. Miezi, pengine."

"Miezi," Nerima alirudia.

Alipokuwa akimsindikiza langoni, Mutisya alisimama karibu na ua dogo la rangi ya waridi, lile ambalo nusu ya nyumba za Jericho zimelipanda kwenye makopo mlangoni. Alisema baadhi ya sindano za saratani hutolewa ndani ya ua kama lile, na huenda hata ya mume wake. Watu walihangaika nalo miaka mingi mpaka wakajua kipimo. Alimwonya asije akalichemsha, kwa maana bila kipimo ni sumu tupu. Nerima alilitazama. Mama Khavere alisema miti na sindano ni wake wenza, na kumbe sindano yenyewe ilikuwa mti. Walikuwa wameacha mmea uliofunzwa kazi, wakauchukua ambao haujaanza hata darasa la kwanza, na hakuna aliyekuwa na kosa ambalo ungeweza kumshika nalo shati.

Alimkuta Lusweti ameegemezwa mito, Millicent akimkata kucha. Nerima hakuvua hata leso. Aliketi kitandani akamweleza yote, kisahani, mtama uliosinyaa, chumvi, sabuni. Akamwambia asante yake haikufukuza kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kufukuzwa.

Lusweti alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Basi ni nini?" aliuliza.

Millicent aliacha kukata kucha. Nerima angeweza kusema ni Mungu, na kila mtu katika chumba kile angemshukuru kwa uongo huo.

"Ni ile Jumanne," alisema. "Uliniuliza, nikakwepa. Nilikuwa ninaiwaza cherehani."

Nje mtu alikuwa akivuta mtungi juu ya saruji. Lusweti alimtazama mke wake muda mrefu, bila hasira, kama fundi anayetazama bomba ambalo limekwisha kupasuka na maji yamekwisha kwenda.

"Inafanya kazi?" aliuliza.

"Nini?"

"Cherehani."

"Inafanya."

"Basi kuna kitu kimepona," alisema. Millicent alitoka nje.

Nerima alimpa maji. Alikunywa, akarudisha kikombe, akasita. "Asante, Mama Millie," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Wakasubiri. Hakuna kilichotokea. Akalisema tena. Kesho yake alimwomba Millicent amwite Mama Aloo, akamshukuru kwa uji wa siku zote zile, kwa hesabu ya kila bakuli, mpaka mama yule akalia na kudai moshi umemwingia machoni, na jikoni hapakuwa na moto.

Siku ya tatu, mchana, alifika Mama Khavere. Hawakumtambua mara moja. Miguu ilikuwa imemvimba, vumbi jekundu limemfika magotini. Alikuwa amekwenda hadi nyumbani magharibi, akaingia msituni mwenyewe na umri wake ule, akatafuta mti mwingine, mwenyewe alisema mti ambao haujasikia habari za Lusweti. Alilitoa gome upande unaotazama mawio ya jua, akarudi nalo kifuani. Alikuwa amelichemsha tayari. Alimimina kikombe, akamnyooshea.

Millicent alianza kumwambia kwa upole kwamba haina haja. Baba yake akamwinulia kidole. Alimtazama yule mama mzee, akatazama miguu yake, akakipokea kikombe kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Lilikuwa chungu. Alikunywa kidogo kidogo, akipumzika katikati, mpaka likaisha lote. Akajifuta mdomo. Uso wake uligeuka kumwelekea Mama Khavere, na midomo ikafunguka.

"Asa—"

Nerima, yeye aliyekwenda maabara, aliyeiona sahani kwa jicho lake, aliyemwambia kwamba neno haliui dawa, aliruka kutoka alipoketi akamfunika mdomo kwa kiganja. Akakibana hapo, asikiondoe, huku pumzi fupi za mume wake zikimpiga mkononi.